Mwalimu wa Kila Kazi

Jumatatu ile Emerensiana alifika shuleni na kadi za picha alizokata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Alifungua mlango wa darasa lake akakuta viti. Vilikuwa viti vya plastiki vya kukodisha, vimerundikwa hadi karibu na dari, na mbele yake masufuria makubwa ya kupikia ubwabwa wa sherehe. Madawati yake machache yalikuwa yamesukumwa ukutani, miguu juu. Ubao haukuonekana.

Wanafunzi wake walikuwa wamesimama barazani, wakimtazama yeye badala ya viti. Wote walikuwa viziwi, na mtu asiyesikia husoma uso kwanza. Lusungu, msichana mkubwa kuliko wenzake, alinyoosha kidole ndani, kisha akafungua viganja vyake viwili: Sasa?

Emerensiana akaenda ofisini. Mwalimu mkuu, Wilson, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya taratibu, mwenye walimu pungufu na wakubwa wengi.

"Ugonile, mwalimu," Wilson alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Mwalimu Mkuu, darasa langu limejaa viti."

"Ah, hivyo. Ni vya kamati ya kijiji. Harusi imeahirishwa kwa sababu ya mvua, nikaona kule kwako ndiko kuna nafasi. Ni siku mbili tatu tu. Tena nilikuwa nakutafuta. Kuna semina ya vyandarua pale kata, wanataka mwalimu mmoja kila shule. Nimewapa jina lako."

"Lakini leo nina vipindi."

"Vipindi utafundishia wapi na viti vimejaa?" Wilson aliuliza bila kejeli yoyote, kama mtu aliyemwondolea mwenzake shida.

Alikwenda. Aliwaonyesha watoto kwa ishara kwamba warudi nyumbani, akapanda bodaboda mpaka ofisi ya kata, akakaa siku nzima akisikiliza namna ya kufunga chandarua, jambo ambalo kila mtu wa bonde lile analijua tangu utotoni. Viti vilikaa darasani hadi wiki iliyofuata.

Emerensiana hakuja Kyela kwa ajili ya vyandarua.

Kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Mdogo wake, Wenceslaus, alizaliwa kiziwi, na nyumbani walikuwa na ishara za chakula, maji, mbuzi na fimbo. Zaidi ya hapo hawakuwa na kitu. Emerensiana alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, hakuna aliyeweza kumweleza Wenceslaus kwamba dada yake amekwenda shule na kwamba atarudi. Mtoto alimwona akipanda basi, basi likaondoka. Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda kukaa barabarani kila basi lilipokaribia kupita, hata mvua ikinyesha, mpaka mama yao akachoka kumfuata. Emerensiana aliporudi likizo, Wenceslaus alimzaba kofi mbele ya watu wote. Kisha akashika sketi yake na hakuiachia mpaka jua likazama.

Akiwa na shavu linalowaka, Emerensiana alimwambia Mungu kwamba maisha yake yatakuwa kwa ajili ya watoto wa namna hii. Hakusema kwa maneno mazuri. Alisema tu: nitumie hapo. Akasoma ualimu, akasoma elimu maalumu, akajifunza lugha ya alama mpaka akawa anaota ndoto kwa mikono.

Alipopangiwa Kyela, hakujua hata iko pembe ipi ya nchi. Aliteremka kutoka Tukuyu kwenye baridi na ukungu, akafika chini kwenye joto linalonata, mashamba ya mpunga huku, mikakao na migomba kule, na watu wanaosalimiana kirefu hata wakiwa na haraka. Walimpeleka shule moja ya kata ya Ngana. Alijitahidi kusema "ndaga fijo" kila alipopewa kitu, na matamshi yake ya Kihaya yaliwachekesha akina mama mpaka wakawa wanampa vitu ili tu wamsikie akishukuru.

Darasa alilopewa lilikuwa stoo. Alilisafisha mwenyewe, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wasiosikia. Wengi walimwambia hawapo. Alimkuta Lusungu kwenye shamba la mpunga akifukuza ndege, mtoto wa miaka minane hivi, akipiga debe ambalo yeye mwenyewe hakulisikia. Mama yake, Tusajigwe, alisema, "Huyo ni bubu tu, mwalimu. Utampotezea muda wako."

Hakuwa bubu. Ndani ya mwaka mmoja Lusungu alikuwa na maneno mengi kuliko mikono yake ilivyoweza kuyatoa. Alitaka kujua jina la kila kitu. Ndiye aliyempa Emerensiana jina lake la alama: kidole kimoja kwenye mwanya wa meno ya mbele. Darasa zima likamwita hivyo.

Kama mambo yangebaki hapo, nisingekuwa na habari ya kuwasimulia. Lakini mwalimu mgeni mwenye bidii na mwandiko mzuri haachwi. Kigango cha Kikatoliki pale kijijini kilikuwa na watu wachache waliosoma, basi wakamwomba awe katibu wa jumuiya. Baadaye wakamwomba aisaidie kwaya, kwa kuwa alijua noti. Baadaye awafundishe watoto wa Komunyo ya kwanza, kwa kuwa katekista alikuwa mgonjwa. Katekista akapona, yeye akaendelea. Shuleni Wilson alimpa shamba la mpunga la shule, kisha taaluma, kisha michezo ya wasichana, ingawa hakuwahi kucheza mchezo wowote. Kata ikasikia. Uandikishaji, uhamasishaji, semina, mbio za mwenge, kila kilichohitaji mwalimu kiliita jina lake. Watu wakasema Mwalimu Emerensiana hajui kukataa, na walisema kwa kumsifu.

Naye aliamini hivyo ndivyo Mkristo anavyoishi. Aliyeomba apewe. Kila jioni alirudi na miguu iliyovimba, akawa anajiambia kwamba kuchoka huku ndiyo sadaka.

Darasa la viziwi halikufungwa hata siku moja rasmi. Liliendelea kupungukiwa tu. Vipindi vya asubuhi vikawa vya saa moja, kisha vya nusu saa, kisha watoto wakawa wanafika, wanakaa, wanachora, wanaondoka.

Ilikuwa wakati wa mavuno, mwaka wake wa nne, Tusajigwe alipomfuata kwenye shamba la shule. Emerensiana alikuwa amesimama juani akisimamia darasa la sita wakipiga mpunga. Tusajigwe alisalimia kwa goti kama desturi, akauliza habari za kazi, habari za kwao Kagera, kisha akasema, "Nimekuja kuaga kwa niaba ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Lusungu. Nimempeleka Matema kwa bibi yake. Atasaidia kuanika usipa, dagaa wa ziwani."

"Kwa likizo?"

"Hapana. Amekwenda kukaa."

Emerensiana aliweka chini gunia alilokuwa amelishika. "Mama Lusungu, mtoto yule ana akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Unamtoaje shule?"

"Shule ipi, mwalimu?" Tusajigwe hakupandisha sauti. "Kila siku anarudi nyumbani jua halijapanda. Namuuliza kwa mkono, mwalimu yuko wapi? Ananijibu hivi." Akapunga kiganja hewani, kama mtu anayefukuza moshi.

"Nilikuwa na semina. Na mitihani ya kata. Na huu mpunga, Mwalimu Mkuu ndiye..."

"Sikulaumu kwa mpunga. Watoto watakula." Tusajigwe alitazama pembeni, kwenye mabua. "Zamani alikuwa kimya tukamzoea. Wewe ukampa maneno. Sasa jioni nzima ananipigia mikono, mimi sielewi, baba yake haelewi, anaishia kulia. Ulimpa maneno, halafu ukamwondolea mtu wa kuongea naye. Bora Matema. Kule angalau ana kazi."

Akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Emerensiana alibaki pale akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Alimkasirikia Tusajigwe kwa kutosubiri. Alimkasirikia Wilson. Kisha mwanafunzi mmoja akamwita kuja kuangalia mpunga uliokuwa umechanganyika na mchanga, naye akaenda, na huku akienda alijichukia.

Alipanga chumba cha uani kwa Mwasiti, mfanyabiashara wa vitenge na sukari ambaye wazazi wake walitoka Kilwa. Walikuwa karibu rika moja, na walizoea kupika pamoja. Jioni ile Emerensiana aliutupa mkoba wake juu ya meza ya duka mpaka mizani ikatikisika.

"Wamenimaliza," alisema. "Kila mtu amekata kipande chake akaenda nacho."

"Walikuja na panga?" Mwasiti aliuliza.

"Sitanii, Mwasiti."

"Hata mimi sitanii. Walibisha hodi, ukafungua." Mwasiti alikuwa anakunja vitenge, akivilaza upande mmoja kimoja kimoja. "Mimi adhuhuri ikifika nafunga duka, naswali. Mwanzoni walikuwa wananigongea mlango, wengine wananitukana. Siku hizi mtu akikuta pamefungwa anakaa kwenye ngazi anasubiri. Wewe hujawahi kufunga, watajuaje?"

"Kwetu sisi kumsaidia mtu ni ibada."

"Kwetu pia. Lakini siwezi kuswali huku napima sukari."

Emerensiana alikasirika zaidi, akaingia chumbani bila kula. Hakutaka kufundishwa dini yake dukani.

Juu ya hayo yote alikuwa na kazi ya Jumamosi: akina mama wa kigango walimwomba awaandalie tafakari ya Injili ya Jumapili. Alifungua Biblia kwa kuipiga kofi. Ilikuwa habari ya Kapernaumu: jioni mji mzima umekusanyika mlangoni, wagonjwa kwa wagonjwa, Yesu anawaponya. Asubuhi na mapema anaondoka kwenda kusali peke yake. Simoni na wenzake wanamfuata huko, wanamwambia kila mtu anakutafuta. Naye hasemi haya, narudi. Anawaambia twende vijiji vingine, kwa kuwa hilo ndilo lililomleta.

Alikuwa ameisikia habari hiyo tangu utotoni, na siku zote aliyemvutia ni Yule anayeponya. Safari hii aliwaona wale waliobaki mlangoni. Kuna mtu alibeba mama yake kutoka mbali akafika asubuhi, akaambiwa ameondoka. Mtu yule hakuwa na kosa. Haja yake ilikuwa ya kweli. Na bado Yesu aliondoka.

Mwanzoni jambo hilo lilimuudhi. Alisimama, akazunguka kitanda, akarudi. Kama Yesu mwenyewe aliwaacha watu wenye haki ya kumtafuta ili afanye lililomleta, basi yeye Emerensiana kwa miaka yote hii alikuwa anajaribu kuwa mwema kumpita nani?

Kisha likaja jingine, gumu zaidi. Alijiuliza kwa nini kila walipomwita alikwenda mbio, na jibu halikuwa upendo peke yake. Kwenye semina walimpigia makofi. Kwenye kwaya walimwita mama yetu. Wilson alimtaja mbele ya wageni. Darasani kwa viziwi hakuna aliyemsifu. Mtoto alihangaika na neno moja wiki nzima, akalipata, akalisahau, na wazazi hawakujua kama amejifunza chochote. Ile ndiyo kazi aliyoiomba, na ndiyo aliyokuwa anaikimbia akijificha nyuma ya kazi za watu.

Aliomba, lakini sala yake ilikuwa ya ugomvi. "Ungeniambia mapema," alisema kwa sauti, kisha akaona haya, kwa kuwa alikuwa ameambiwa tangu lile kofi la Muleba.

Jumamosi aliwapa akina mama tafakari yao, fupi, na baada ya hapo jumuiya ikakutana nyumbani kwa mwenyekiti wake, Andrea, mkulima wa kakao mwenye mashamba mazuri na uzoefu mrefu wa kuendesha vikao. Sala zilipokwisha Emerensiana alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Ndugu zangu, naomba mnipumzishe. Ukatibu, kwaya, na watoto wa Komunyo. Nitabaki mwanajumuiya wa kawaida."

"Umechoka, mwalimu," Andrea alisema kwa upole. "Pumzika wiki moja."

"Sijachoka. Naacha."

"Nani amekukosea?"

"Hakuna."

"Kama hakuna aliyekukosea, unaondoka kwa sababu gani?" Andrea aliwageukia wengine, kana kwamba wangeweza kumtafsiria. Kuacha kwa ugomvi wangekuelewa. Ugomvi una wapatanishi. Huku kuacha bila ugomvi kuliwachanganya. "Kumtumikia Mungu hakuna kustaafu, mwalimu. Au sivyo?"

Emerensiana alikuwa amejiandalia maneno mazuri, yenye shukrani, kuhusu wito wa kila mmoja. Yote yakapotea. Alichosema, kwa sauti iliyopasuka, ni, "Mungu hakuniita kuandika mahudhurio ya jumuiya!"

Waliokuwa mle chumbani walikuwa watu walioamka mapema, wakaacha mashamba yao, wakaja kuhudhuria jumuiya hiyo. Aliona nyuso zikifungika mmoja baada ya mwingine. Catheline, mama mnene aliyekuwa akikaa karibu naye siku zote, alinyoosha mkono akachukua kalamu.

"Basi mimi nitaandika," Catheline alisema bila kumtazama. "Mimi labda ndimi niliyeitiwa hilo."

Emerensiana aliomba radhi. Walisema hakuna neno, na ilionekana kwamba neno lipo.

Kwa Wilson kulikuwa na ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa mwajiri haambiwi kama anavyoambiwa mwenyekiti wa jumuiya. Alimwambia kwamba kazi za shule atazifanya mchana. Lakini tangu kengele ya kwanza mpaka watoto wanapokwenda kula, hatatoka darasani.

"Na wageni wa wilaya wakija?"

"Watanikuta darasani."

Kwa mara ya kwanza Wilson alipandisha sauti. "Unadhani mimi sina wito? Darasa la pili lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja. Nikikuazima asubuhi, mia wanapata mwalimu wa pili. Wewe una watoto wangapi mle ndani? Wanne?"

Swali lilikuwa la haki, nalo lilimchoma. Alitafuta jibu lisilo la kiburi.

"Hao mia," alisema mwishowe, "mwalimu wao akikosekana, wanamsikia wa darasa la jirani kupitia ukutani. Wangu hawana mwingine wilaya nzima."

Wilson alivua miwani akaifuta na shati. "Sikuandikii barua ya onyo," alisema. "Lakini usiniombe kitu."

Alitimiza. Muhula ule taaluma ilipewa mwalimu mwingine pamoja na posho yake, na jina la Emerensiana halikupelekwa wilayani walipotaka walimu wa kupandishwa. Alipoomba bati la kuziba paa la stoo yake aliambiwa asubiri. Mvua ilipoanza, walifundishana wakiwa wamesogea upande mmoja.

Kijijini hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Akina mama walimsalimu na kupita. Alipougua malaria, Mwasiti peke yake ndiye aliyemletea uji, na kwa siku zote hizo alizolala alisikia kwaya ikifanya mazoezi ng'ambo ya barabara na hakuna aliyechungulia. Alikuwa amedhani kwamba akitii, Mungu atampa angalau amani. Amani haikuja. Palikuja watoto wanne asubuhi, tena wawili kati yao walikuwa wamesahau karibu kila kitu, na mmoja, Brighton, aliyegundua kwamba mwalimu asiyeondoka anaweza kuudhiwa siku nzima.

Siku ya mapumziko alikwenda Matema. Aliteremka Kyela mjini, akapata gari la Ipinda, na kutoka Ipinda akafika ufukweni pale milima inapokuja kusimama karibu kabisa na ziwa. Bibi yake Lusungu alimwonyesha upande wa vichanja. Msichana alikuwa amerefuka, magamba ya samaki yamemganda mikononi, akigeuza usipa.

Alimwona mwalimu wake. Emerensiana akaanza kumwambia kwa mikono kwamba anaomba samahani.

Lusungu akafumba macho.

Mtu anayesikia hawezi kumnyamazisha mwenzake kirahisi namna hiyo. Kwa kiziwi inatosha kufumba macho, na aliye mbele yake hana tena sauti. Emerensiana alibaki na mikono hewani. Bibi alifadhaika, akaanza kumgombeza mjukuu kwa Kikisi, maneno ambayo mjukuu hakuyasikia.

"Mwache, bibi," Emerensiana alisema. Akavua viatu, akainama kwenye kichanja upande wa pili, akaanza kugeuza usipa. Jua lilikuwa kali na mbu wadogo wa ziwani walimwingia machoni. Waligeuza kichanja kizima hivyo, na cha pili wakafika nusu.

Ghafla Lusungu alimgonga mkono. Unawavunja, alisema kwa ishara. Shika hivi.

Emerensiana akashika hivyo.

Kazi zako za watu zimekwisha? Lusungu aliuliza. Uso wake haukuwa na chembe ya tabasamu.

Haziishi. Nimeziacha.

Msichana alikung'uta magamba mikononi. Kisha akampa ishara moja tu: Mwongo. Akarudi kwenye usipa wake, na safari hii hakuinua kichwa tena.

Emerensiana alirudi Ngana peke yake, amekunja uso, akijisemesha njia nzima. Alikuwa amepoteza kwaya, jumuiya, cheo, na marafiki, kwa ajili ya mtoto aliyemwita mwongo. Lakini Jumatatu asubuhi alikuwa darasani. Na Jumanne. Hakuwa na lingine la kufanya. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho.

Shule zilipofunguliwa Januari, Tusajigwe alitokea mlangoni akiwa na Lusungu nyuma yake. Msichana alivaa sare iliyokuwa imemfupia.

"Nilipita hapa kila siku nikienda shambani," Tusajigwe alisema. "Nachungulia dirishani. Nilitaka nione kwanza."

"Na ukaona nini?"

"Nimekuona upo. Huyu Brighton anakusumbua sana."

Wote wawili walicheka kidogo. Kisha Tusajigwe akauliza kama anaweza kukaa nyuma siku mojamoja, mashamba yakiruhusu, ili na yeye ajue mtoto wake anasema nini. Emerensiana alimletea kiti.

Lusungu hakusamehe haraka. Kwa wiki kadhaa aliendelea kumwita kwa ishara ya kawaida tu ya mwalimu, si kwa ile ya mwanya, na akijibu alijibu kwa ufupi. Paa liliendelea kuvuja. Wilson aliendelea kutuma ujumbe kwamba kuna semina, naye Emerensiana aliendelea kukataa. Kukataa hakukuwa rahisi hata baada ya kukuzoea.

Kabla ya Pasaka, Catheline alimsimamisha njiani. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu ile siku ya kalamu.

"Mwalimu, hao watoto wako, wakija kanisani wanaelewa nini?"

"Hawaelewi chochote."

"Basi si uwaeleze?"

Emerensiana alikuwa karibu kukataa kwa mazoea mapya aliyojifunza. Akasita. Hii haikuwa kazi ya mtu mwingine aliyobebeshwa. Ilikuwa ileile aliyoiomba, imemfuata mpaka kanisani.

"Nitakuja," alisema.

Andrea hakupenda. Alisema waumini watamtazama mwalimu akipunga mikono badala ya kumtazama padri, na alisema kweli, kwani Jumapili ya kwanza nusu ya kanisa iligeuza shingo. Watoto walikaa benchi la mbele pembeni, pamoja na Lusungu, ingawa kwao ni Wamoravian, na mama yake alisimama nyuma akiangalia mikono tu. Kwaya iliimba. Sauti ya pili ilipotea tangu ubeti wa kwanza na haikupatikana tena, na Emerensiana, aliyekuwa ameifundisha sauti hiyo kwa miaka mitatu, aliuma meno. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mabega yalimuuma, baadhi ya maneno hakuwa na alama zake, akawa anazunguka kuyatafuta. Lusungu alimtazama bila kupepesa, kisha akainua mkono wake kifuani, chini kidogo ili wengine wasione.

Huyu padri anaongea sana, alisema.

Vumilia, Emerensiana akamjibu. Akahamisha uzito kwenye mguu wa pili, akaendelea kutafsiri.